Mwalimu Asiyepokea Kimya

Mwalimu akifika nyumbani kwa bibi harusi, jambo la kwanza alilotaka kujua ni chakula kiko wapi. Sifanyi utani. Wanaume wamekaa nje chini ya turubai, sheikh ameshavaa miwani yake, bwana harusi anajifuta jasho kwa kitambaa kipya, na Mwalimu anapita katikati yao akiagiza aletewe pilau ndani, nyama iwe ya mfupa. Akishaingia chumbani anawatoa watu. Mashangazi, mama wadogo, wapaka hina, majirani waliokuja kuchungulia, hata mama mzazi, wote nje. Aliyejifanya hakusikia alishikwa mkono na kusindikizwa mpaka kizingitini kwa heshima zake zote. Mlango ulifungwa kwa ndani, ufunguo akautia kifuani, na huko nje watu wazima wakabaki wakitazamana kama watoto waliofukuzwa darasani.

Huyo ndiye aliyenifundisha, na najivunia kulisema hilo mbele ya mtu yeyote.

Kambi yetu ya polisi iko hapa Kampala, upande wa Bukoto. Tuliishi ukuta kwa ukuta, Walugbara, Waacholi, Wateso, Wanubi, Wakristo na Waislamu, na kilichotuunganisha ni Kiswahili, kile cha kambini cha kukata kona, chenye Kiganda ndani yake na amri za gwaride. Mwalimu alikuwa Mnubi, mjane wa mwanajeshi, na alifundisha Kurani kwenye chumba cha mabati nyuma ya msikiti wetu mdogo. Walimu kambini walikuwa wengi na wote walikuwa na majina. Yeye alikuwa Mwalimu tu. Hata mama wa Kikristo walimwita hivyo, na walikuwa wakimletea mabinti zao wenye vichwa vigumu awanyooshe kidogo wakati wa likizo.

Kwa asiyejua mambo yetu, nikahi inataka walii wa msichana, yaani baba au msimamizi wake, mashahidi, mahari na ridhaa. Sheikh haingii chumbani kwa mwari kumhoji. Anamtuma mwanamke anayeaminika, na mashahidi wawili wanasimama nje ya mlango kusikiliza. Sehemu nyingi kazi hiyo inakwisha kabla chai haijapoa. Mtu anaingia, anauliza, msichana anainamisha kichwa, shangazi anajibu kwa niaba yake, vigelegele vinapigwa. Nao hawajazua jambo, maana imepokewa kwamba idhini ya mwanamwali ni kunyamaza kwake. Tena katika madhehebu tunayofuata sisi, baba ana nguvu kubwa juu ya binti ambaye hajawahi kuolewa. Kumwuliza ni jambo la kupendekezwa, si sharti.

Mwalimu hakubishana na hayo hata siku moja. Alikuwa mjanja kuliko hivyo. Alisema, ikiwa kumwuliza ni sunna, basi yeye amekuja kutekeleza sunna, na asiyeitaka ajitokeze aseme mbele ya sheikh kwamba haitaki. Nani angejitokeza? Kuhusu kunyamaza, alitufafanulia kwamba ile ilikuwa huruma kwa msichana mwenye haya, aliyetaka lakini anaona aibu kusema anataka. Sasa huyu ambaye tangu azaliwe akifungua mdomo anaambiwa afunge, kimya chake utakijuaje kama ni cha haya au cha woga? Alipenda kutusimulia habari ya msichana aliyekwenda kwa Mtume kulalamika kwamba baba yake amemwoza bila yeye kutaka, na Mtume akampa hiari. Akifika hapo alikuwa anaacha kusoma, anatutazama mmoja mmoja, na ole wako akukute unasinzia.

Sheikh wa kambi alikuwa mtu mpole, mnene, mwenye kuogopa ugomvi. Yeye ndiye aliyekuwa akimtuma Mwalimu, na siku hizi naamini alimtuma kwa makusudi kabisa. Yako maneno ambayo yeye mwenyewe asingethubutu kumwambia baba mwenye sare na bunduki.

Darasani alikuwa na mtindo wake ambao sijauona kwa mwalimu mwingine. Sisi wasichana alitupa mtihani wa mlango. Unaingia chumbani peke yako, mlango unafungwa, yeye anakaa nje kwenye ngazi na kikombe chake cha chai, na wewe unasoma sura uliyopewa. Neno lisilomfikia pale ngazini halihesabiwi. Unaanza upya. Wavulana hakuwapa mtihani huo, na walipouliza kwa nini, aliwajibu kwamba wao hakuna anayewasahau kuwasikiliza. Tulilia, tulikauka koo, tulimchukia. Mama zetu walilalamika kwamba anatufanya mabinti wenye midomo mirefu, na nani atatuoa? Akawaambia atakayetuoa atakuwa anasikia vizuri.

Na alikuwa mkali, wacha tu. Alifinya masikio mpaka unaona nyota. Ukija umechelewa unafagia, ukija na visingizio unafagia na kwa jirani. Mkali huyo huyo alikuwa hakosi ndondi kwenye televisheni ya kantini. Alikaa mbele kabisa kati ya makonstebo, mtandio umeteleza, akimfokea bondia ainue mkono wa kushoto, na mtu wake akipigwa alisusa kula. Chai yake ilikuwa ya sukari mpaka unajiuliza kama kuna maji humo. Sisi alitukataza soda.

Msije mkamdhania mwanaharakati. Wale mabwana na mabibi wa semina, wanaokuja na fulana zenye maandishi kuhusu haki za mtoto wa kike, hakuwapenda. Alikwenda kwenye semina zao, akala chakula chao, akarudi akisema wanazungumza juu ya baba zetu kana kwamba wote ni wanyama. Msichana aliyekutwa na mvulana nyuma ya bohari hakupata huruma yake hata chembe. Aliamini katika ndoa, aliamini katika stara, na kama umefika umri na mtu mwema amekuja, alikuhimiza usijivute. Wenye kumpinga walimwita mvunja ndoa, nami nimeshuhudia ndoa alizozisuluhisha kwa kukaa tu sebuleni kwa watu siku nzima, akikataa kuondoka mpaka mke na mume wacheke.

Tena hakuna aliyeruhusiwa kumsema vibaya marehemu mumewe. Picha yake ilikuwa ukutani, kijana mwembamba mwenye kofia ya kijeshi iliyomzidi kichwa. Alimpangusia vumbi kila Ijumaa, akimwambia habari za wiki. Wote tulijua alimpenda. Wote tulijua pia, kwa namna watu wa kambi wanavyojua mambo bila kuambiwa, kwamba aliingia kwake akiwa na miaka kumi na minne.

Sasa niseme langu.

Mama yangu alifariki nikiwa shule ya msingi, na Baba, sajini wa polisi, mtu wa Arua, alinilea peke yake kwa uji, ugali wa posho na amri. Nilipofika kidato cha pili, nikiwa na miaka kumi na mitano, alipata uhamisho wa kwenda Karamoja, mbali kaskazini, kwenye wezi wa ng'ombe wenye bunduki. Kunichukua kule hawezi. Kuniacha peke yangu kambini, kati ya makonstebo vijana, hawezi. Na siku zile zile binti wa jirani yetu akashika mimba, kambi nzima ikawa haina habari nyingine. Baba alikonda. Alikuwa akinitazama mezani kama mtu anayetazama nyumba inayoungua.

Kijana akajitokeza. Aliuza matairi Old Kampala, alisali, alikuwa na adabu. Hakuwa mzee mwenye meno ya dhahabu kama mnavyotegemea katika visa hivi. Alikuwa na miaka ishirini na kitu, ndevu amezichonga vizuri, na wallahi sura alikuwa nayo. Alileta sukari na vitenge, na mimi akaniletea simu ndogo yenye tochi. Sitaficha, simu niliipenda.

Baba alikuwa polisi. Alijua kwamba Katiba inasema ndoa ni kuanzia miaka kumi na minane, na yeye mwenyewe alishawafikisha mahakamani wanaume waliowachezea wasichana wa rika langu. Lakini akajiambia kwamba hii ni nikahi, nikahi ni heshima, na mimi nimeshavunja ungo, dini haina neno. Alikuwa anaogopa, basi. Tangu hapo nimekutana na akina baba wengi wa namna yake, na wachache sana kati yao ni watu wabaya.

Siku ilipofika, Mwalimu aliingia, akawatoa watu, akafunga mlango, akaketi mkekani na sahani yake. Mimi nilikuwa nimeshapiga moyo konde. Ningesema ndiyo, Baba apumue, aende Karamoja roho yake imetulia. Kwa hiyo sikungoja kuulizwa. Nikamwambia nimekubali.

Yeye akaendelea kuchambua nyama kwenye mfupa. Halafu akaanza maswali yake, ambayo hayakuwa ya kitabu chochote. Kesho shuleni kuna nini? Mtihani wa biolojia. Nimesoma? Nusu. Mahari nimetaja mwenyewe? Nikamwambia Baba ameshapatana na wazee wao. Akashangaa. Mahari ni haki ya mwanamke, si ya baba, sasa mbona mali yangu imezungumzwa mimi sipo? Nikishika mimba, siku ya uchungu nitakuwa na nani? Nikamtaja shangazi yangu aliye Arua. Akaniuliza basi la kutoka Arua linafika Kampala baada ya muda gani. Hapo nikaanza kulia, naye akanisogezea sahani nile. Nikala huku nalia. Pilau ilikuwa nzuri, hilo nalikumbuka mpaka leo.

Kisha akauliza lile lililonivunja.

"Baba yako asingehamishwa, ungemtaka huyu kijana?"

Nikanyamaza. Mlango ukagongwa, mama mmoja wa kambini akasema sheikh anasubiri na jua linawapiga wageni. Mwalimu hakugeuza hata kichwa. Alinisubiri, ananitazama bila kunihimiza, mpaka mwenyewe nikaona vibaya kuendelea kunyamaza.

"Hapana," nikasema.

"Mashahidi wako nje ya mlango."

Nikajipangusa uso kwa kitenge kipya. Nikavuta pumzi, nikasema vile alivyotuzoeza kwenye chumba cha mabati, kila neno lipite mbao. Nilisema sitaki kuolewa, nataka kusoma. Nje mtu akaangusha kijiko.

Mwalimu akafungua mlango, akatoka na sahani mkononi, mimi nyuma yake, nimejificha kwenye mtandio wake mpana. Baba alikuwa amesimama. Nilitegemea Mwalimu atasoma aya, ataitaja Katiba, atamwaibisha mbele ya wakuu wake. Wala. Alimsogelea, akazungumza naye kama mtu anayezungumza na mdogo wake.

"Afande, mtoto hatafuti mume. Anatafuta mahali pa kukaa wewe ukiondoka. Mahali papo, kwangu."

"Mwalimu," Baba akasema, na sauti yake sikuitambua, "watu watasema nini?"

"Watakula kwanza. Pilau imeshaiva."

Sheikh akavua miwani, akatangaza kwamba leo hakuna nikahi, ila riziki ya Mungu haikataliwi, watu wanawe mikono. Mjomba wa bwana harusi alianza kupandisha sauti kuhusu kudharauliwa, na ni yule kijana mwenyewe aliyemshika bega akamketisha. Walikula, wakaondoka. Simu niliirudisha, roho inaniuma. Kijana alioa mwaka uliofuata, mwanamke mtu mzima mwenzake, na mpaka leo nikipita dukani kwake tunasalimiana vizuri na ananiuliza hali ya Baba.

Baba hakumsemesha Mwalimu wiki ile yote. Mimi pia hakunisemesha. Lakini Ijumaa, mchana kweupe, akiwa na sare zake na viatu vinang'aa, alilibeba godoro langu kichwani, akapita nalo mbele ya nyumba zote za kambi. Watu walitoka milangoni kutazama sajini mzima na godoro la mtoto wa kike. Alilifikisha mpaka kwa Mwalimu, akalitua, akapiga saluti. Mwalimu akamwambia aingie anywe chai. Kila nikilikumbuka lile godoro nampenda Baba upya.

Niliishi kwake miaka yote ya sekondari. Alinipigisha deki, alinipikisha, alinisikiliza nikisoma biolojia kwa sauti, yeye haelewi neno lakini nikisitasita anajua. Baba akipiga simu kutoka Karamoja aliomba kuongea na Mwalimu kwanza. Akija likizo alimletea asali ya kule, ile nyeusi, naye akailaumu kwamba si tamu ya kutosha.

Kulikuwa na jambo moja tu nyumbani mle ambalo halikuzungumzwa. Mwalimu alikuwa akiburuza mguu wa kulia. Kiatu chake cha upande ule kilikwisha mbele kabla ya kingine. Tulipokuwa wadogo tulisema ni risasi ya vita, na wavulana waliapa kwamba wameliona kovu. Yeye hakukubali wala kukataa.

Nilikwenda kusomea ukunga. Mwaka wa pili tukafundishwa habari ya msichana ambaye nyonga yake haijakomaa, uchungu unamshika siku nyingi, kichwa cha mtoto kimekwama. Mara nyingi mtoto anakufa humo humo. Akina mama wakipona, wengine wanabaki wanavuja mkojo, na wengine mshipa wa fahamu umebanwa kwa muda mrefu hata unyayo haunyanyuki tena vizuri. Wanatembea wakiuburuza. Mkufunzi wetu alituonyesha kwa kutembea hivyo darasani, na mimi nikaacha kuandika. Nilikuwa naujua mwendo ule kuliko ninavyoujua wangu.

Niliporudi nyumbani nikamsalimia, nikakaa, na macho yangu yakaenda kwenye kiatu kile bila mimi kutaka. Aliona. Hakuna kitu alichokuwa hakioni.

"Umefika ukurasa huo," akasema, akaniagiza nikanunue sukari.

Sikumuuliza zaidi. Lakini kuanzia siku ile nilielewa swali lake kuhusu basi la Arua, na nilielewa kwa nini wakati wa kuwahoji mabibi harusi alikuwa haondoki mpaka wasichana wamwambie watazalia wapi.

Nisije nikamfanya malaika ambaye hakushindwa. Yupo msichana mmoja, tulisoma naye, ambaye baba yake aliposikia Mwalimu ndiye atakayetumwa, alimpakia mwanawe kwenye gari alfajiri wakaenda kufungishwa nikahi kijijini, kwa sheikh mwingine. Mwaka haukuisha wakamrudisha kambini, amejifungua mtoto mfu, anavuja, mume hamtaki. Mwalimu alimwogesha kwa mikono yake, kila siku, mpaka alipopata nafasi ya kufanyiwa upasuaji. Yule baba alipokuja kuomba msamaha alimpokea vizuri, akamwekea kiti, akamwacha alie. Baadaye alinieleza kwamba kosa lilikuwa lake yeye, kwa sababu alingoja siku ya harusi. Tangu hapo akawa anaanza mapema, anakwenda kwenye nyumba zenye mabinti wakati hakuna posa yoyote, anawauliza baba wanaogopa nini hasa. Wengine walimtimua. Wengi walimjibu, na kwa kuwa walimjibu, mambo mengi yakapatiwa njia nyingine, huyu akapelekwa bweni, yule akahamia kwa nyanya yake Mengo.

Mimi niliolewa nikiwa na miaka ishirini na sita. Alikuja, akala, akanihoji kama hajawahi kuniona. Mahari nilitaja mwenyewe, na ndiyo yangu ilisikika mpaka barabarani. Watu walicheka, Baba akacheka kuliko wote.

Siku hizi Mwalimu anaishi Old Kampala na mwanawe, aliyehama kambini tukiwa bado wadogo, kwenye vyumba vilivyo nyuma ya duka lake. Kupanda kilima mpaka msikitini hawezi tena. Adhana ya msikiti mkubwa inamfikia pale pale kitini, na anasema hiyo inamtosha. Macho yamepungua, masikio hayana shida. Mabibi harusi wanaletwa kwake sasa, na mwanawe anapaswa kufunga duka kwa muda ili watu watoke.

Mwezi uliopita nilimpitia nikitoka kazini. Desturi yake ni kudai habari za wodi, nani kazaa, nani kapiga kelele. Nikamwambia wiki ile tumempokea msichana wa miaka kumi na mitano kutoka mbali, amesumbuka na uchungu tangu juzi yake, tumempasua mapema ya kutosha, mama na mtoto wako hai.

"Na mguu?"

"Mguu mzima, Mwalimu. Ametembea nao mwenyewe mpaka chooni."

Akamshukuru Mungu, akaomba nimsimulie tena kutoka mwanzo. Nikasimulia. Nilipomaliza nilijikuta nimemuuliza jambo ambalo sikuwahi kuthubutu miaka yote ile. Nilimuuliza, siku yake yeye, nani aliingia chumbani kumhoji.

Akasema hakuna. Alikuwa nje anacheza, akaitwa, akaogeshwa, akafungwa gurbaba, lile vazi la Kinubi, la mama yake mdogo, refu mpaka akajikwaa nalo. Baba yake na wazee wa mumewe walikuwa sebuleni wameshapeana mikono. Yeye aliambiwa jioni.

"Basi nakuuliza mimi," nikasema. "Unamtaka?"

Alicheka mpaka akakohoa. Akasema nimekosa adabu, mtu mwenyewe yuko kaburini. Mimi sikucheka. Nikavuta kigoda karibu na magoti yake. Mkwe wake akatokea na sinia la chai, nikamwashiria kwa macho asubiri, naye, Mungu ambariki, akarudi ndani. Kicheko cha Mwalimu kikaisha. Akanyamaza muda mrefu, na mimi nikamwacha anyamaze.

"Hapana," akasema. "Ningesema hapana."

Mikono yake ilikuwa inatafuta kitu cha kushika kwenye pindo la nguo.

"Na asingekasirika, unajua. Alikuwa mtu wa kusubiri. Angerudi nikiwa mkubwa, ningemkubali kabla hajamaliza kuuliza. Mume yule yule. Na mtoto wangu wa kwanza angeishi. Alikuwa wa kike. Siku yake ingefika, ningemwuliza."

Nimewapokea watoto wengi kwa mikono hii, na ninayo maneno ya kila aina kwa mama aliyefiwa. Pale niliyaweka yote kando. Nikamshika mkono, nikamwambia amewauliza wengi, na mmoja wao ndiye huyu amekaa mbele yake.

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nimekujibu."